Tunamwita Sokoine, lakini nyayo zilizobaki huku ni za Kawawa

Tangu Novemba 2025, Dkt. Mwigulu Nchemba alipochukua uwaziri mkuu kutoka kwa Kassim Majaliwa aliyekikalia kiti hicho miaka 10, vijiwe vya Mbeya na Iringa vimekuwa na swali lao moja: huyu atatufaa kama Sokoine? Sokoine ni Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki mwaka 1984 na anayesifiwa kwa ukali, na kipimo nacho kinajulikana. Waziri mkuu akimfokea mkurugenzi wa halmashauri hadharani, akamsimamisha kazi papo hapo, watu wanapiga makofi na kusema tumempata. Akikaa kimya, wanasema mpole, atazungukwa. Nadhani tunapima kitu kisichohusika. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, waziri mkuu wa zama za ujamaa aliyegeuza maisha yetu kuliko mwingine yeyote ni Rashidi Mfaume Kawawa. Ukiisoma vizuri kazi yake unaona kwamba madhara makubwa ya wakati ule hayakuletwa na upole wala ukali wa mtu. Yaliletwa na kuondolewa, kimoja baada ya kingine, kwa vyombo vilivyosimama kati ya mwananchi na serikali. Anayeomba waziri mkuu mkali leo, bila kujua, anaomba tuendelee kuishi bila vyombo hivyo.

Kawawa tunamkumbuka kwa jina la Simba wa Vita na kwa sifa ya kuwa mtiifu kwa Mwalimu Nyerere, basi. Ni kumpunja. Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo, na siasa hakuanzia kwenye chama, alianzia kwenye vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Alijua jinsi bandari inavyosimama, jinsi mwajiri anavyobanwa mpaka akae mezani. Kisha tarehe 22 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama chake, TANU, na Kawawa akashika nafasi yake. Hapa pana jambo linalosahaulika. Mpaka Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba mwaka huo, mkuu wa dola alikuwa Malkia wa Uingereza, na waziri mkuu ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali kwa maana kamili. Baada ya hapo rais amekuwa vyote viwili. Kwa hiyo katika historia yetu yote ni mawaziri wakuu wawili tu wa Tanganyika huru waliowahi kuongoza serikali kweli, Nyerere kwa wiki hizo chache na Kawawa kwa miezi iliyofuata.

Na aliitumiaje miezi hiyo? Mwaka 1962 ndipo ilipopita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na ndipo ilipopita sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa karibu hauwezekani. Mtu aliyepanda kwa ngazi ya vyama vya wafanyakazi ndiye aliyesimamia kufungwa kwa ngazi hiyo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL yenyewe ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa serikali. Utetezi wake unaeleweka: nchi changa, hazina tupu, na mfanyakazi wa mshahara alikuwa na nafuu kuliko mkulima. Sina shida na hoja hiyo kama hoja ya mwaka mmoja. Shida ni kwamba dawa ileile ilitolewa tena na tena, kila ugonjwa ulipozuka.

Ikatolewa tena mwaka 1972, na safari hii mgonjwa alikuwa huku kwetu. Siku ya Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi huko Isimani na mkulima wa mahindi, Said Mwamwindi. Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari, akaupeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Baadaye alihukumiwa kunyongwa. Isimani haikuwa sehemu ya kubahatisha. Tangu miaka ya 1950 ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa, watu wenye matrekta na mashamba yanayoishia upeo wa macho, waliouza mahindi bila kusukumwa na mtu. Chini ya miezi miwili baada ya tukio hilo, Februari 1972, cheo cha waziri mkuu kilichokuwa kimefutwa kikarudishwa na kupewa Kawawa. Mei, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Iringa, mji uleule, ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Katikati ya mwaka ukaanza mfumo wa Madaraka Mikoani. Sisemi kwamba risasi ya Isimani ndiyo iliyoyazaa yote hayo. Mpango wa madaraka ulikuwa umeshaandaliwa, tena kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya ushauri kutoka Marekani (wajamaa wetu hawakuwa wakali kwa kila bepari). Ninachosema ni kwamba serikali ilikuwa imeona mkulima anaweza kusema hapana, na mfumo uliofuata haukumpa tena mahali pa kulisemea neno hilo.

Madaraka Mikoani ni jina linalopendeza, na kwa karatasi maana yake ilikuwa kuwapelekea wananchi maamuzi. Kilichotokea ni kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa. Mahali pa diwani aliyechaguliwa akakaa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, juu yake Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, juu yao Mkuu wa Mkoa mwenye hadhi ya waziri, na wote hao kamba yao ikafungwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Fedha za mikoa zilipita huko, taarifa zilikwenda huko, na kupandishwa cheo kulitoka huko. Hakuna waziri mkuu mwingine aliyewahi kuwa na mikono mirefu namna hiyo. Kwa miaka mitano, mpaka Februari 1977, Kawawa alikuwa mwisho wa kamba iliyoanzia kwa bwana shamba wa Makete na Mbozi.

Ni kwa kamba hiyo Operesheni Vijiji ilipita. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi kijijini si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia. Mikoa yetu ilipata zamu yake nzito mwaka 1974. Anayetaka ushahidi wa hayo hahitaji makaratasi, apande tu milima ya Kilolo wakati wa masika. Utakuta kilima hakina nyumba hata moja, lakini kina vichaka vya mianzi vilivyopandwa kwa mpangilio, na vijana wanapanda asubuhi na mbeta zao, vyombo vya mianzi, kugema ulanzi, pombe ya mianzi. Hayo ni mahame. Mianzi ya babu ilibaki, wenyewe walishushwa barabarani, wakapimiwa viwanja kwenye mistari iliyonyooka, na shamba likabaki mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mpaka leo vijiji vingi vya Iringa na Njombe vina umbo hilo: barabara katikati, nyumba huku na huku, shule na zahanati jirani, mashamba mbali. Tunadhani ndivyo vilivyokuwa siku zote.

Sasa tuwape watetezi haki yao, kwa sababu wana hoja, tena nzuri. Ya kwanza ni hiyo shule na zahanati. Watu waliotawanyika vilimani wasingefikiwa na mwalimu wala mganga kwa uwezo wa serikali ya wakati ule, na Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977 isingewezekana bila vijiji. Kizazi kizima cha watu wa huku kilijua kusoma kwa sababu hiyo, na wengi wao ndio wanaoilaani operesheni leo kwa mwandiko mzuri. Hoja hii naikubali karibu yote.

Ya pili ni nzito zaidi, na ajabu hata watetezi wenyewe hawaitumii inavyostahili. Katika miaka hiyohiyo serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kilo ya Sumbawanga ikawa na bei sawa na kilo ya Morogoro, ingawa moja ilibidi isafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Dar es Salaam. Gharama ya safari alibeba mnunuzi, Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC. Ongeza mbolea ya ruzuku, ambayo sehemu yake ilitoka kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1972. Ongeza utafiti wa kilimo wa Uyole, Mbeya. Ongeza barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Rukwa au Ruvuma, aliyekuwa na mvua na ardhi lakini hana soko, alikuwa na sababu ya kulima ekari ya pili. Kufikia miaka ya 1980 Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ziliitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Tunaposema tumejaliwa, kwamba Mungu ndiye aliyetufanya ghala la taifa, tunasema nusu. Mvua ilikuwepo karne zote. Kilichokuja miaka ya 1970 ni bei.

Lakini bei hiyo ilikuwa na mwenye kuilipia. NMC ilibeba hasara mwaka hadi mwaka mpaka madeni yakawa mzigo wa taifa. Mkulima wa karibu na soko alikatwa, kwa maana bei moja ilimnyima faida ya ukaribu wake, naye akatafuta njia za panya. Na Isimani, iliyolima mahindi mengi kabla ya bei moja, kabla ya NMC, kabla ya Siasa ni Kilimo, haikurudi tena kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo atakayesema dola ndiyo iliyotufundisha kulima mahindi, ajibiwe kwa jina hilo moja. Dola ilifungua kikapu cha Rukwa na Ruvuma, na katika miaka ileile ikakivunja cha Isimani. Mizani yangu inaelemea kidogo upande wa kusema sera ya bei ilitufaa zaidi ya ilivyotuumiza. Ila haikujengewa chombo cha kuilinda, na hapo ndipo tunarudi kwa waziri mkuu.

Mei 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Vilikuwa na wizi, hilo halikataliki hata kwa ndugu zao waliokuwa makarani. Lakini vilikuwa vya wakulima, na mkulima aliyeibiwa na chama chake alikuwa walau na mkutano wa kwenda kupigia kelele. Baada ya Mei 1976 alibaki na serikali ya kijiji na ghala la NMC. Ukiangalia sasa mfululizo wote, 1962 haki ya mgomo, 1964 shirikisho la wafanyakazi, 1972 halmashauri za wilaya, 1976 ushirika, utaona kwamba mara tatu kati ya hizo nne Kawawa alikuwa waziri mkuu, na ya nne alikuwa ndani ya uongozi wa juu kabisa. Hiyo ndiyo kazi yake kama mkuu wa shughuli za serikali ukiitazama kwa ujumla. Haikuwa kazi ya mtu katili. Wote waliomjua wanamtaja kwa upole na kwa kuridhika na kidogo, na alipoondolewa uwaziri mkuu mwaka 1977 alikubali kushuka kuwa waziri wa ulinzi bila kununa, akatumikia hivyo wakati wa vita vya Kagera. Mtu mpole, kwa nia safi, anaweza kukufungia milango yote.

Wapo watakaosema namwonea, kwamba aliyeamua ni Mwalimu na Kawawa alitekeleza tu. Kuhusu maamuzi makubwa ni kweli, na sitaki kumpa Kawawa mamlaka ambayo hakuwa nayo. Ila utekelezaji wenyewe ndio uliokuwa kazi. Tangazo la kuhamia vijijini lilikuwa la rais. Kalenda, malori, hesabu za kila wiki za kaya zilizohamishwa, hayo yalikuwa ya mfumo uliomalizikia mezani kwa waziri mkuu. Mwalimu mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alitaja kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika kuwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kukiri huko kunamwondolea Kawawa lawama ya kuwa ndiye mwanzilishi, na papo hapo kunathibitisha kwamba kosa lilikuwa hapo hasa ninapolionyesha.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa kuliko zote: sera ilikuwa nzuri, viongozi wa juu walikuwa wazuri, watendaji wa chini ndio waliharibu. Eti mkuu wa wilaya mwenye papara alihamisha watu mahindi yakiwa shambani, eti katibu kata alichoma nyumba kwa hasira zake. Jiulize mkuu wa wilaya huyo alikuwa akimwogopa nani. Diwani hakuwepo. Ushirika ulikuwa njiani kuvunjwa. Gazeti lilikuwa la chama au la serikali. Aliyempandisha na kumshusha alikuwa juu, na aliye juu alitaka idadi. Mkuu wa wilaya wa Njombe angeandika kwamba anaomba miezi miwili watu wavune kwanza, mwenzake wa wilaya ya pili angeshatuma taarifa ya kukamilisha asilimia zote. Mfumo uliopimwa kwa idadi ya waliohamishwa ulizaa wahamishaji hodari, tungeshangaa kama ungezaa kingine. Kumlaumu mtendaji kwa kufanya kile alichopimwa nacho ni kumsafisha aliyeshika rula.

Sasa Sokoine. Namheshimu, na sioni sababu ya kumshusha ili Kawawa apande. Katika awamu yake ya pili, Februari 1983 hadi alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, aliendesha msako wa wahujumu uchumi ambao wazee wanausimulia mpaka leo kwa tabasamu: magunia ya sukari yaliyotupwa porini usiku, matajiri waliokesha. Tunachosahau ni kwamba baada ya msako maduka mengi yalibaki matupu zaidi, kwa sababu hakuna aliyetaka kukutwa na bidhaa. Kilichodumu cha kipindi kile ni mambo yasiyo na kelele: ruhusa ya daladala za watu binafsi Dar es Salaam mwaka 1983, na kuanza upya kwa halmashauri mwaka 1984 kufuatia sheria za 1982, sheria zilizorudisha pia ushirika na zilizopita Cleopa Msuya akiwa waziri mkuu. Msuya hakuna anayemwimba sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Ukali wa Sokoine ulikwisha naye Dakawa. Halmashauri zilizorudi ndizo zinazotuzolea taka mpaka leo, zikipenda.

Tukilielewa hivyo, swali la kumpima waziri mkuu wa sasa linabadilika. Kwanza, tunamdai mikono ambayo hana. TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri zote, ilikuwa chini ya waziri mkuu mpaka Desemba 2015 ilipohamishiwa Ofisi ya Rais. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na rais. Wakala wa hifadhi ya chakula, NFRA, uko Wizara ya Kilimo. Katiba inampa waziri mkuu usimamizi wa shughuli za kila siku za serikali na uongozi wa shughuli zake bungeni, lakini kamba aliyoishika Kawawa imegawanywa. Ndiyo maana makaripio yake ya hadharani yanapendeza na hayafiki mbali: mkurugenzi aliyesimamishwa Jumatano anajua mwajiri wake ni nani.

Pili, na hili ndilo linalouma, mkulima wa mahindi wa leo bado yuko peke yake kama alivyoachwa mwaka 1976. Kahawa ya Mbozi inapita AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, na mnada. Tumbaku ina vyama vyake. Mahindi, zao ambalo karibu kila kaya ya huku inalima, kwa sehemu kubwa hayana. Mwenye gunia 40 pale Makambako anafika kituo cha ununuzi, kijiti cha kupima unyevu kinachomwa kwenye gunia, kikisoma zaidi ya asilimia 13.5 anarudishwa akaanike. Pembeni dalali mwenye fuso amesimama, hana kipimo, ana fedha taslimu na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo. Ruzuku ya mbolea iliyorudi msimu wa 2022/2023 imesaidia gunia kuongezeka, hilo kila mtu analiona. Nani wa kuzungumza kwa niaba ya mwenye gunia, ruzuku haikuleta. Wizara ikibadili bei au ikifunga kituo mapema, hakuna mwenyekiti wa chama cha wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini wa kupanda gari kwenda Dodoma na kuuliza kwa nini. Kuna wabunge tu, na makofi.

Wabunge hao wana maswali ya papo kwa papo kwa waziri mkuu siku za Alhamisi. Badala ya kumuuliza lini atakuja kuwatumbua watu Mufindi, wamuulize kama serikali yake iko tayari kuuza na kununua mahindi kupitia vyama vya wakulima wenyewe, vyenye mizani yao na kipima unyevu chao, na kama halmashauri zitaruhusiwa kupinga ratiba ya ununuzi inapogongana na mavuno. Na wamuulize, akikataliwa na wizara, atafanya nini kwa mikono aliyo nayo.